Fuvu la Kalenga na Wajibu wa Kuhoji Vipimo

Kalenga, kijiji kilicho takriban kilomita 15 kutoka mjini Iringa, kilikuwa makao makuu ya Mtwa (mtawala) Mkwawa wa Wahehe, na ngome yake, iliyozungushiwa ukuta, ilitekwa na majeshi ya Wajerumani mwezi Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kukiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe, kisha kichwa chake kikakatwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake, lakini miongo mitatu ilipita bila kurudishwa.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika makumbusho ya Bremen, yaliyohifadhi mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka katika koloni la zamani la Wajerumani Afrika Mashariki. Uchaguzi wake ulitegemea fahirisi ya kichwa, yaani uwiano wa upana wa fuvu kwa urefu wake: yalitengwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika hayo likachukuliwa lenye tundu la risasi. Fuvu hilo lilikabidhiwa kwa Wahehe mwaka 1954, nalo limo hadi leo katika Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga.

Heshima ya tukio hilo haina shaka, kwa kuwa watu walionyang'anywa kiongozi wao walitambuliwa haki yao. Nguvu ya kipimo chenyewe ni suala jingine, na baadhi ya wanahistoria wameendelea kulihoji. Upimaji wa mafuvu ulivuma katika karne ya 19 kama sayansi iwezayo kupanga binadamu kwa makundi na viwango, hali mwaka 1911 Franz Boas, aliyechunguza wahamiaji na watoto wao nchini Marekani, alionyesha kwamba umbo la kichwa hubadilika kulingana na mazingira. Kufanana kwa vipimo hudokeza tu, hakumthibitishi mtu.

Hoja hiyo imerejea katika zama za akili mnemba, yaani programu zinazojifunza kutokana na data nyingi na kisha kutoa uamuzi, picha au maandishi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu za kutambua jinsia kwa sura zilizokuwa zikiuzwa na kampuni kubwa, wakakuta zinakosea kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kwa kiwango kilichofika asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Gebru aliondoka Google Desemba 2020 baada ya mvutano kuhusu makala iliyoonya juu ya hatari za programu kubwa za lugha, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi huru ya utafiti.

Pamoja na watafiti wa aina hiyo, wamejitokeza katika mitandao ya kijamii wahakiki wengi wasioteuliwa na chuo wala serikali, ambao huzihoji sifa zinazokuzwa kuhusu akili mnemba. Kutoteuliwa hakuwaondolei haki ya kusema, kwani mwenye kuuza kipimo mara chache hutangaza mipaka yake. Lakini nao wanawajibika kuleta ushahidi, maana kukana bila kupima hakuna tofauti na kusifu bila kupima. Historia ya Kalenga inafundisha kwamba kipimo kikishatumiwa kuamua jambo la watu, ni haki ya watu hao kuuliza kimepimaje, na jamii inayowanyamazisha waulizaji inajinyima njia ya kugundua makosa yake.