Kitendakazi (lugha ya C)

Kitendakazi katika lugha ya programu C ni sehemu ya programu yenye jina lake, inayopokea data, kuifanyia kazi na kwa kawaida kurudisha thamani moja mahali kilipoitwa. C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani mnamo mwaka 1972. Aina ya data ya thamani inayorudishwa hutangazwa mapema, nayo kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) huijua kabla programu haijaanza kufanya kazi.

== Muundo ==

Aina huandikwa kabla ya jina la kitendakazi, na thamani hurudishwa kwa neno *return*:

    int jumla(int a, int b) {
        return a + b;
    }

Neno *int* humaanisha namba kamili, na *double* namba yenye desimali. Kitendakazi kisichorudisha thamani huandikiwa *void*. Amri ya *return* hukimaliza kitendakazi papo hapo. Mistari inayoifuata haitekelezwi.

== Kubadilishwa kwa aina ==

Namba isipolingana na aina iliyotangazwa, C huibadilisha kimyakimya. Kitendakazi cha *int* kikiambiwa kurudisha 72.5, kilichokiita hupata 72: desimali hukatwa.

Kutangaza *double* peke yake hakutoshi:

    double wastani(int a, int b) {
        return (a + b) / 2;
    }

Kwa alama 70 na 75, jibu ni 72.0 badala ya 72.5. Namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na jibu hugeuzwa kuwa *double* baadaye, desimali ikiwa imeshapotea. Kuandika 2.0 badala ya 2 huondoa kosa hilo.

== Aina au return ikikosekana ==

Katika C ya awali, kitendakazi kisichotajiwa aina kilihesabiwa kuwa *int*. Kiwango cha C99 cha mwaka 1999 kiliondoa desturi hiyo.

Hata hivyo, *return* ikisahauliwa, kompaila ya C hailazimiki kuikataa programu. Thamani hiyo ikitumiwa, kiwango hakisemi kitakachotokea. Programu inaweza kutoa jibu lolote. Isipokuwa *main*, kitendakazi ambacho programu huanzia: tangu C99, kikifika mwisho bila *return* hurudisha 0, ishara kwamba programu imemalizika salama.

Kompaila ya Java ni kali zaidi: hukataa *return* iliyosahauliwa, na pia 72.5 inaporudishwa kama *int*.