Jicho Hupokea, Moyo Huhukumu



Zamani wataalamu wa Kiyunani, kama Euclid na Ptolemy, walifundisha kwamba miali hutoka jichoni na kuviendea vitu, mfano wa mtu apapasaye njia kwa fimbo. Aliyelipindua fundisho hilo ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Kairo. Alianza na jambo linalojulikana kwa kila mtu: ukilikazia jua macho, macho huuma. Basi kuna kitu kitokacho nje na kuingia jichoni. Tena alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ilitoa doa lake la mwanga ukutani, na alipoifunika moja, doa lake peke yake lilitoweka. Mwaka 1604 Johannes Kepler, Mjerumani, alieleza kwamba mwanga huo huchora picha iliyopinduka, kichwa chini miguu juu, nyuma ya jicho.

Lakini Ibn al-Haytham hakuishia hapo. Alifundisha kwamba jicho peke yake halitoshi. Ni lazima akili ikumbuke, ilinganishe na kupambanua. Jicho hupokea; hukumu ni yetu sisi.

Jambo hilo sisi wa uwanda wa Ruzizi tulijifunza kwa machozi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, hapa Mutarule, waliuawa watu wasiopungua 30, wanawake na watoto wakiwamo. Wengi wao walikuwa katika ibada ya ndugu zetu Waprotestanti, nje, chini ya mbingu. Wauaji walikuwa na macho mazima. Waliwaona watu wanaosali, lakini hukumu yao ilikwisha kuwaita adui. Askari wa serikali na wale wa Umoja wa Mataifa walikuwa karibu, na habari ziliwafikia; hata hivyo hawakuja kuwaokoa.

Kumbukeni mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Kuhani alimwona yule majeruhi, Mlawi alimwona, Msamaria naye alimwona. Kwa macho walikuwa sawa. Aliyetofautiana nao ni yule aliyeguswa moyo, akakaribia, akafunga majeraha. Naye alikuwa mtu wa kabila lililodharauliwa.

Vijana wangu, kila siku mnapita katika barabara ya Uvira na Bukavu, mkikutana na Mfuliiru, Mvira, Mrundi na Mnyamulenge. Mwanga unaoingia machoni mwenu ni uleule: mtu mwenye mzigo, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake. Kabla hamjamsalimu, ni nani aliyekwisha kuwaambia kwamba huyu ni jirani au ni adui? Maneno hayo mliyapata wapi, na je, mmeyachunguza?

Nawaomba jambo moja. Katika kikundi chenu, waendeeni waliofiwa mwaka 2014. Ketini nao, wasikilizeni, yaandikeni majina ya marehemu iwapo wenyewe wataridhia. Msiyaandike kwa ajili ya kisasi. Yaandikeni ili siku moja, kilio kitakaposikika usiku katika kijiji kisicho chenu, msiwe watu walioona kisha wakapita kando.