Waipa za upepo kwenye basi: namna ya kuzihamishia kwenye umeme bila kuhatarisha breki

Kwenye basi lenye breki za upepo, dereva anapokanyaga breki si nguvu ya mguu wake inayosimamisha gari. Mguu unafungua njia tu, na upepo uliobanwa kwenye matangi unakwenda kusukuma breki za magurudumu. Katika baadhi ya mabasi na malori ya zamani, upepo huohuo ndio unaoendesha waipa za kioo cha mbele. Waipa na breki zinakula sahani moja. Sahani ikitoboka, zote mbili zinalala njaa.

Katika makala haya tunaeleza waipa za upepo zinavyofanya kazi, kwa nini wenye magari ya zamani huzibadilisha ziwe za umeme, na hatua ambazo mwenye gari anapaswa kuhakikisha fundi wake hazirukii. Kazi yenyewe ni ya fundi anayejua breki za upepo pamoja na fundi umeme wa magari. Lakini mwenye gari, dereva na hata utingo wakiielewa, hawatakubali kazi ya kulipua.

Upepo uliingiaje kwenye waipa?

Mwaka 1903 Mary Anderson wa Marekani alipata hataza ya waipa iliyoendeshwa kwa mkono: dereva alivuta mpini ndani ya gari, na mpira ukafuta kioo nje. Baadaye magari madogo ya petroli yakatumia mvuto wa hewa unaotokea ndani ya injini. Waipa hizo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Gari likipanda mlima na dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto ulipungua na waipa zikalegea, wakati mwingine zikasimama kabisa.

Injini ya dizeli ya basi haina mvuto wa namna hiyo. Lakini basi lenye breki za upepo tayari lina kompresa na matangi. Ilikuwa rahisi kutoa kibomba kimoja kwenye tangi na kukipeleka kwenye waipa. Ndiyo maana mabasi ya General Motors ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, pamoja na malori makubwa kama Kenworth na Peterbilt, yalitoka kiwandani yakiwa na waipa za upepo. Mabasi mengi ya siku hizi huja na waipa za umeme, ila gari la zamani linaloendelea kutunzwa linaweza kuwa bado na mfumo ule wa kale.

Ndani ya mota ya upepo

Mota ya upepo ni kasha dogo lenye pistoni. Upepo unaingia upande mmoja na kusukuma pistoni. Pistoni ina meno yanayozungusha gia ndogo, na gia inazungusha mhimili unaobeba mkono wa waipa. Pistoni ikifika mwisho, kivali kidogo kinageuka, upepo unaingia upande wa pili, na waipa inarudi. Upepo uliokwisha kutumika hutoka nje, na ndiyo ile sauti ya "fss, fss" inayosikika mbele ya dereva. Spidi huwekwa kwa kufungua au kubana kitufe, kama unavyofungua bomba la maji.

Mota hii ina sifa zake. Ikikwama kwenye tope zito haiungui. Inasimama tu na kusubiri. Dereva anaweza kuipunguza hadi iende taratibu sana wakati wa manyunyu. Lakini kompresa hupeleka pia unyevu na mafuta kidogo pamoja na upepo. Miaka ikipita, mipira ya ndani huvimba, hukauka au hupasuka. Waipa zinaanza kwenda kwa kusuasua, moja inaikimbia nyenzake, na upepo unavuja hata zikiwa zimezimwa. Vipuri vya kuzitengeneza navyo ni vigumu kupatikana.

Hatari iko wapi?

Matangi ya breki kwa kawaida hushika upepo wa ba 7 hadi 8, yaani paundi 100 hadi 120 hivi kwenye geji. Ukishuka hadi karibu paundi 60, taa au kengele ya onyo hufanya kazi. Ukiendelea kushuka, gari lenye breki za springi hufunga magurudumu ya nyuma lenyewe, kwa kawaida kati ya paundi 45 na 20. Kufunga ghafla kwenye barabara yenye utelezi ni hatari. Gari la zamani zaidi lisilo na breki za springi linaweza kufanya jambo baya kuliko hilo: kubaki bila breki kabisa.

Magari yaliyotengenezwa vizuri huwa na vali ya ulinzi kati ya tangi na vitu vya ziada kama waipa, honi na milango. Upepo ukipungua, vali hiyo hufunga njia ili kilichobaki kiwe cha breki peke yake. Tatizo ni kwamba kwenye gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi, vali hiyo inaweza kuwa imekwama au ilikwisha kuondolewa zamani. Hapo kibomba cha waipa kikipasuka wakati wa mvua, kinapunguza breki wakati ambao dereva anazihitaji zaidi.

Kabla ya kubadilisha

Si kila waipa ya upepo inayosuasua inahitaji kubadilishwa. Fundi aanze na mambo matatu. Kwanza, amwage maji kwenye matangi kwa vali za chini. Tangi lililojaa maji lina nafasi ndogo ya upepo. Pili, apake povu la sabuni kwenye viungo vyote vya kibomba cha waipa. Mapovu yakichemka, hapo pana uvujaji. Tatu, atenganishe mkono wa waipa na mhimili na kuuzungusha mhimili kwa mkono. Kama umeshika kutu, hata mota mpya ya umeme itaungua ikijaribu kuusukuma.

Mota yenyewe ikiwa imechoka na vipuri hakuna, basi kuhamia kwenye umeme kuna maana.

Kuchagua mota

Jambo la kwanza ni volti. Malori na mabasi mengi ya kwetu yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa volti 24. Mabasi mengi ya zamani ya Marekani yana volti 12. Mota ya volti 12 ikiwekwa kwenye 24 itaungua, na ya 24 ikiwekwa kwenye 12 itajikokota. Usikubali fundi achukue volti 12 kwa kugusa betri moja kati ya mbili. Betri hiyo itachoka mapema na nyingine itachajiwa kupita kiasi, hadi zote zife. Kama lazima utumie mota ya volti 12, funga kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Jambo la pili ni mwendo. Mota nyingi za umeme huzunguka duara kamili upande mmoja. Ni kipande kifupi cha chuma na fimbo zinazokiunganisha na mihimili ndivyo vinavyogeuza duara hilo kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kipande hicho kikiwa kirefu, waipa inafagia eneo kubwa. Kikiwa kifupi, inafagia dogo. Kikizidi urefu, mpira wa waipa utagonga fremu ya kioo. Zipo pia mota zenye mfumo huo ndani yake, ambazo mhimili wake unakwenda na kurudi wenyewe. Hizo hutumika hata kwenye boti, na ni rahisi kuziweka mahali pa mota ya upepo.

Jambo la tatu ni kioo. Basi la zamani lenye vioo viwili mbele linaweza kutumia mota mbili, moja kila upande, kwa sababu waipa hazikutani. Ikiwa kioo ni kimoja na waipa hupishana katikati, tumia mota moja yenye fimbo za kuziunganisha, la sivyo zitagongana.

Ukinunua mota iliyotumika kutoka kwenye lori lililokatwa, chukua kila kitu pamoja: mota, fimbo, swichi na soketi yenye waya zake. Ijaribu kwenye betri kabla hujalipa.

Kufunga njia ya upepo

Hii ndiyo hatua inayogusa uhai, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Gari lisimame mahali tambarare, likiwekewa kabari za matairi mbele na nyuma. Matangi yafunguliwe hadi geji isome sifuri. Asiwepo mtu yeyote chini ya gari wakati upepo unatolewa.

Kibomba cha waipa kiondolewe kuanzia kwenye chanzo chake, karibu na tangi au vali ya ulinzi, na tundu lizibwe kwa plagi ya chuma yenye uzi unaolingana. Kukunja kibomba na kukifunga kwa waya, au kukiziba kwa bolti na mpira wa tyubu, hakukubaliki. Upepo wa paundi 120 utaling'oa hilo siku moja, na hakuna ajuaye itakuwa kwenye mteremko gani. Kama vali ya ulinzi inahudumia pia milango na honi, iachwe mahali pake.

Kufunga waya

Mota ya wati 100 kwenye volti 24 inakula ampea 4 na ushei. Kwenye volti 12 inakula zaidi ya ampea 8. Waya mwembamba hupoteza nguvu. Kwa mfano, ampea 5 zikipita kwenye mita 10 za waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, volti inayopotea ni 0.35 hivi. Waya wa milimita 1 ungepoteza karibu 0.9.

Kila mota iwe na fyuzi yake, yenye ukubwa uliopendekezwa na mtengenezaji wa mota. Ikiungua moja, dereva anabaki na waipa ya upande wa pili. Umeme uchukuliwe mahali panapowaka funguo ikiwa imewashwa. Ethi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Pale waya unapopita kwenye tundu la bati, uwekewe mpira wa kuulinda usichunwe.

Mota nyingi za Ulaya zina namba kwenye soketi. Namba 53 ni spidi ya polepole, 53b ni spidi ya kasi, 31 ni ethi, na 53a ni umeme wa kuirudisha waipa mahali pake pa kulala. Waya wa tano, mara nyingi wenye alama 31b au 53e, hutoka kwenye kiswichi kidogo ndani ya mota. Dereva akizima, swichi ya dashibodi inapaswa kuunganisha waya huo na 53, ili mota imalizie safari yake na kusimama chini ya kioo. Fundi akiuacha waya huu, waipa zitasimama popote, hata katikati ya macho ya dereva.

Kupima kazi

Kwanza pima breki. Jaza upepo hadi mwisho, weka kabari, achia breki ya maegesho, zima injini, kisha tazama geji kwa dakika moja. Katika mtihani wa leseni wa Marekani, gari lisilo na tela halitakiwi kupoteza zaidi ya paundi 2 kwa dakika moja, na likiwa limekanyagwa breki, zaidi ya paundi 3. Kipimo hicho ni kizuri hata kwetu. Kikizidi, gari lisitoke gereji.

Kisha pima waipa, kioo kikiwa kimelowa. Mpira ukifuta kioo kikavu unakikwaruza na kuichosha mota. Hesabu mizunguko kwa saa ya simu yako. Kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja. Kanuni za usalama za Marekani hudai spidi ya kasi ifike angalau mizunguko 45 kwa dakika, ya polepole isipungue 20, na tofauti kati ya hizo mbili iwe 15 au zaidi. Ziache zifanye kazi kwa nusu saa huku injini ikiunguruma, halafu shika mota na waya. Vuguvugu si neno. Zikiunguza mkono, kuna kitu kimekaza au waya ni mwembamba.

Abiria naye

Hata kama basi unalopanda lina waipa za umeme, milango na honi zake bado zinaweza kuwa zinatumia upepo wa tangi. Ukisikia upepo unavuja mfululizo, au kengele ya onyo inalia mbele ya dereva na safari inaendelea, una haki ya kumuuliza konda. Gari lenye onyo la upepo linapaswa kusimama mahali salama na kutengenezwa kabla ya kuendelea. Kuchelewa kufika sokoni kunavumilika.