Umuganura wa Rwanda: Kutoka Kasri la Mwami hadi Meza ya Familia na Madhabahu

Utangulizi

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti ni siku ya mapumziko nchini Rwanda kwa ajili ya Umuganura. Sikukuu hii ilirejeshwa katika ngazi ya taifa mwaka 2011, na kwa Kiswahili huelezwa kwa wepesi kuwa sikukuu ya mavuno au siku ya shukrani. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaacha nje kiini cha desturi yenyewe. Makala hii inapitia historia ya Umuganura ili kuonesha mambo mawili. Kwanza, desturi hii ilivunjika pale ilipotegemea cheo kimoja, ikadumu pale ilipotegemea uhusiano wa wazazi na watoto. Pili, jina lake lilipata hifadhi katika lugha ya Kanisa, ingawa wamisionari hawakuipenda ibada ya mwami. Mambo hayo yana uzito kwa wanaotafuta namna ya kuitaja na kuiadhimisha sikukuu hii katika Afrika Mashariki ya leo.

Ibada ya mwami na mlo wa nyumbani

Jina Umuganura linatokana na kitenzi cha Kinyarwanda kuganura, yaani kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza. Mazao yaliyohusika hasa ni ulezi na mtama. Masimulizi ya ufalme yanaihusisha asili ya ibada hii na Gihanga, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ufalme. Yanasimulia pia kwamba ilikatika wakati nchi ilipovamiwa, ikarejeshwa na Ruganzu Ndori, mfalme aliyelelewa uhamishoni Karagwe, katika Tanzania ya sasa. Hata kama masimulizi hayo hayachukuliwi kuwa tarehe za historia, yanadhihirisha imani moja: nchi isiyolimbua mazao yake ni nchi isiyo na mfalme halali.

Utaratibu wa ibada ulihifadhiwa katika ubwiru, kanuni za siri za ufalme zilizokaririwa kwa moyo na kurithishwa katika koo maalumu. Matini yake yalichapishwa mwaka 1964 na Marcel d'Hertefelt na André Coupez. Ukoo wa Watsobe, wenye makao yao Bumbogo, ulikuwa na dhamana ya mazao ya ibada hiyo. Mwami alionja kwanza, ndipo raia wakaonja majumbani mwao.

Nyumbani, utaratibu ulifuata mfano huohuo kwa kiwango cha familia. Ugali ulisongwa kwa unga wa nafaka mpya, ukaliwa pamoja na maziwa, na pombe ya mtama ikanywewa. Baba alionja kwanza. Watoto waliokwisha kujitegemea walirudi kwa wazazi wakiwa na sehemu ya mavuno yao. Imana, Mungu mwenye kutoa, alishukuriwa, na wazee waliotangulia wakakumbukwa. Aliyepata aliwaonjesha wasiopata, tendo linaloitwa kuganuza. Kwa hiyo shukrani haikuwa kauli peke yake. Ilionekana katika mpangilio wa nani anaanza kula, nani anapelekewa na nani anagawiwa.

Mwaka 1925 na matokeo yake

Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe waliweka kituo chao cha kwanza nchini Rwanda huko Save mwaka 1900. Kwa utawala wa Ubelgiji uliofuata ule wa Wajerumani, ibada za kasri zilikuwa nguzo ya mamlaka yasiyodhibitika. Kwa wamisionari zilikuwa upagani. Mwaka 1925 Gashamura, kiongozi wa walinzi wa ubwiru kutoka ukoo wa Watsobe, alipelekwa uhamishoni Burundi, na Umuganura wa kasri ukakomeshwa. Mwami Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa madarakani mwaka 1931. Mwanawe na mrithi wake, Rudahigwa, alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Nchini Burundi, Umuganuro, sherehe ya mtama iliyofungamana na ngoma takatifu Karyenda, nayo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kilichokufa mwaka 1925 kilikuwa sehemu iliyomhitaji mtu mmoja mwenye siri. Alipoondolewa mtu huyo, ibada haikuwa na pa kusimamia. Mlo wa nyumbani haukuhitaji kibali cha mtawala wala mlinzi wa siri, nao uliendelea katika familia, zikiwemo zilizokwisha kubatizwa.

Neno lililobaki madhabahuni

Wafasiri wa Biblia ya Kinyarwanda, iliyotolewa kamili mwaka 1954, walihitaji neno la kutaja mazao ya kwanza anayopewa Mungu, kama katika Mithali 3:9. Walichagua umuganura. Wenzao wa Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 walitumia malimbuko mahali hapohapo, na katika 1 Wakorintho 15:20 wakamwita Kristo mfufuka limbuko. Hivyo neno lililofukuzwa kasrini likawa linasomwa kanisani. Mwumini aliyebeba kapu la mtama hadi madhabahuni hakulazimika kujifunza dhana ngeni. Alichobadilisha ni anayepelekewa kwanza.

Jina kwa Kiswahili

Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na suala la tafsiri limekuwa la kiutendaji. Neno mavuno linataja mwisho wa kazi ya shamba na wingi wa kilichopatikana. Shukrani inataja moyo wa mpokeaji. Hakuna kati ya hayo linalobeba wazo la kuonja kwanza. Linalolibeba ni limbuko, pamoja na kitenzi kulimbua. Hata hivyo, neno hili lina vikwazo viwili. Kwa wasomaji wengi limebaki kuwa neno la Biblia, na shina lake limezaa limbukeni, tusi kwa mtu anayejishaua kwa kitu alichokipata kwa mara ya kwanza. Vikwazo hivyo havitoshi kulitupa. Limbuko ni msamiati wa wakulima kabla ya kuwa wa wafasiri wa Biblia, na laweza kutumiwa na Mkristo, Mwislamu na mwingine yeyote bila kukana imani yake.

Hitimisho

Panapofaa, jina Umuganura libaki kama lilivyo, na lifafanuliwe kuwa sikukuu ya limbuko. Kwa upande wa sera, historia inatahadharisha dhidi ya kuitundika sikukuu yote kwenye jukwaa la viongozi, kwa kuwa kilichotegemea cheo ndicho kilichovunjwa kwa amri moja. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wengi hawana mzazi wa kumpelekea kapu. Kwao, uzito wa siku hii hauwezi kuwa katika kurudi nyumbani tu. Umo katika kuganuza: jirani kumwonjesha jirani. Sehemu hiyo ya desturi ndiyo inayostahili kupewa nafasi ya kwanza katika maadhimisho, shuleni na makanisani.