Himoglobini iliyonasa sukari

Wauguzi wa kliniki za kisukari wanaujua mchezo huu. Mgonjwa amekula chapati na soda miezi nenda rudi. Siku mbili kabla ya kliniki anameza dawa zote kwa wakati, usiku anakula mchicha mtupu, na asubuhi glukomita inasoma 7.1 mmol/L. Anapongezwa. Baadaye linakuja jibu la maabara: HbA1c, asilimia 9.2.

Hiyo HbA1c wengi huiita kipimo cha miezi mitatu. Ni jina jepesi, linaeleweka hata kwenye foleni ya dirisha la dawa, lakini linataja muda tu na kuacha kinachopimwa. Himoglobini ni protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, ndiyo inayobeba oksijeni. Sukari ya kwenye damu huinata, na ikishanata kwa uthabiti haibanduki mpaka chembe ife, baada ya siku zipatazo 120. Kuiita hiyo kwa Kiswahili himoglobini "iliyoganda sukari" kungemfanya msomaji afikirie damu iliyoganda. "Iliyoshika" nako kunaashiria kwamba inaweza kuachia. Mimi nachagua "himoglobini iliyonasa sukari". Asilimia 9.2 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za himoglobini, 9.2 zimenasa.

Daktari Samuel Rahbar ndiye aliyeripoti kutoka Tehran, mwaka 1968, himoglobini isiyo ya kawaida kwa wenye kisukari. Uzito wa jambo hilo ulionekana 1993, yalipotoka matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada juu ya watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza. Waliobana sukari walikaa karibu na asilimia 7, wenzao karibu na 9. Kwa walioanza macho yao yakiwa mazima, hatari ya retina kuharibika ilipungua kwa asilimia 76.

Waliobana hawakumwachia daktari peke yake. Walijichoma vidole na kurekebisha insulini wenyewe kila siku, na hilo ndilo naliita kujisimamia. (Vijitabu vingine husema kujihudumia, neno linalonikumbusha mkahawa.) Anayejisimamia anahitaji vipimo vyote viwili. Cha kidole kinamwambia afanye nini sasa hivi: 3.4 ni kunywa maji yenye sukari papo hapo. Cha maabara kinamwonyesha alivyokwenda.

Hata hivyo asilimia hiyo ni wastani, na wastani huficha. Asilimia 7 ni sawa na wastani wa sukari wa takriban 8.6. Mmoja anaufikia akitembea kati ya 7 na 10. Mwingine anaanguka hadi 3 alfajiri na kupanda hadi 15 baada ya chakula cha jioni. Karatasi zao zinafanana. Tena miezi mitatu hiyo haina uzito sawa: mwezi wa mwisho peke yake huchangia karibu nusu.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tatizo jingine, sikoseli. Chembe za mwenye ugonjwa huo hufa mapema mno, sukari haipati muda wa kunasa, na asilimia hutoka ndogo kuliko hali halisi. Aliyeongezewa damu karibuni naye anaweza kupata jibu la kupotosha, kwa kuwa sehemu ya chembe zinazopimwa si zake. Wagonjwa kama hao wataje hali yao kabla sindano haijaingia, ili daktari ategemee zaidi daftari la glukomita.