Neno na Matumizi: Ustaarabu

Bado nasikia watu wakisema Wahadzabe wa Ziwa Eyasi "hawajastaarabika." Polepole, jamani! Neno ustaarabu limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa Mwarabu au kufuata mwenendo wa Kiarabu. Zamani mtu wa heshima katika miji ya pwani aliitwa muungwana. Karne ya 19, chini ya utawala wa Waomani Unguja, ustaarabu ukapanda chati na uungwana ukasogezwa kando. Mwenye mpini ndiye aliyeweka kipimo.

Leo kumwita mtu mpole, mwenye staha, mstaarabu si kosa. Ila mila, lugha na maisha ya watu ni utamaduni, na hakuna jamii isiyokuwa nao. Wahadzabe wana wao. Tuwaheshimu.