Kasi ya Mkono: Omweso, Bao na Sataranji ya Saa

Emin Pasha, mkuu wa msafara wa Wadachi, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1890, naye akaasisi boma la Wadachi huko Bukoba kabla mwaka haujaisha, katika msafara wake walikuwamo watu wa pwani, ambao bao kwao lilikuwa ada ya alasiri. Lakini nchi zile za ziwani hazikuhitaji kufundishwa mchezo wa mashimo, kwani ng'ambo ya mto Kagera Waganda walikuwa na omweso, wenye mashimo 32 na kete 64, uliochezwa hata katika baraza ya Kabaka, mfalme wao.

Sifa ya omweso, nami naiona ya ajabu kuliko zote, ni uhaba wa muhula: mchezaji akikawia kupita sekunde tatu hivi, huhesabiwa moja, mbili, naye hana budi kucheza. Kwa hiyo mazoezi yake ni kuhifadhi mipango ya awali, hata jicho likitupwa shimoni lijue mna kete ngapi, na vidole vizimwage mojamoja bila kusita.

Katika sataranji nako muda hupimwa, na Wazungu walianza kuupima kwa chupa za mchanga. Saa ya mashine iliingia katika mashindano ya sataranji mwaka 1883, London. Leo kijana wa Kamachumu, Muleba, achezaye sataranji ya dakika 3 katika simu, pengine huongezewa sekunde 2 kwa kila hatua, utaratibu aliobuni Bobby Fischer. Naye akizimaliza dakika mbili katika hatua kumi za mwanzo, ambazo angaliweza kuzihifadhi, muda huweza kumwishia, mfalme wake angali salama.